Lipiko Hakuja na Gari

Fomu ya makabidhiano niliyopewa siku ya kustaafu ina mistari mitatu ya maelezo. Wa kwanza niliandika idadi ya viti. Wa pili niliandika idadi ya viti vyenye miguu yote. Ukabaki mmoja, na kazi yenyewe nilikuwa bado sijaigusa. Nikaona ninunue daftari.

Nyinyi mliobaki na funguo za ukumbi wetu hapa Masasi, nawaandikia nyinyi. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini. Vyeo vya ukumbi ule ni viwili, anayefagia na anayemwambia mwenzake afagie, na kwa miaka mingi nilivishika vyote viwili, nikawa najiagiza na kujikaidi mwenyewe.

Nilifika kutoka Lupaso na mtoto mgongoni, Hilda wangu huyo. Mlangoni alikaa mwanamume mwembamba mwenye kofia ya kufuma, Mmakonde wa Newala, watu wakimwita Baba Salima. Ndiye aliyekuwa msimamizi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Najua."

"Kusoma watasoma wengine. Kuhesabu?"

"Najua pia."

"Haya, nihesabie viti."

Nikahesabu. Mia tatu na kumi na mbili. Akasema hesabu tena. Safari hii vikawa mia tatu na tisa.

"Sasa ipi ya kweli?"

"Ya pili."

"Kwa nini?"

"Ya kwanza nilikuwa na haraka ya kukufurahisha."

Akanipa ufagio. Barua ya ajira ilikuja baadaye sana, lakini mimi nahesabu kazi yangu tangu ufagio ule.

Ndiye aliyenifundisha kuhesabu watu kwa korosho. Unajaza mfuko wa kulia korosho mbichi zenye maganda. Kila watu kumi wanaopita mlangoni, moja inahamia mfuko wa kushoto. Onyesho likianza unahesabu mfuko wa kushoto, halafu unapita katikati ya viti na kuhesabu vichwa, ndiyo mara ya pili. Mfuko na vichwa visipolingana, kuna mtu kapita dirishani. Vijana wa sasa mna vifaa vya kubonyeza kwa kidole gumba. Sawa, lakini kifaa chenu hakikaangwi. Mimi hesabu za msimu mzima nilizikaanga mwishoni na kuzila na chai.

Msimu wetu, kama mnavyojua, unaamuliwa na korosho na si na msanii yeyote. Korosho zikiuzwa, watu wanataka muziki. Korosho zikiuzwa pia, maghala yanajaa, na ukumbi wetu unaombwa uhifadhi magunia. Kwa hiyo wakati ambao watu wana hamu ya kuingia ukumbini ndio wakati ambao ukumbi una magunia. Miezi ya kulima ukumbi ni mtupu, unang'aa, na hakuna anayekuja isipokuwa popo. Nililalamika kwa waliokuwa juu yangu. Wakaniandikia kwamba suala linafanyiwa kazi. Linafanyiwa kazi mpaka leo, na mtakapostaafu nyinyi nadhani litakuwa limeshika kasi.

Mwaka mmoja magunia yalifika mpaka safu ya sita. Baba Salima akayatazama, akasema, "Wakalishe juu." Tukawakalisha. Gunia la korosho ni gumu kuliko benchi la kanisani, lakini sikusikia lalamiko hata moja, maana mtu akikalia mali yake haoni ugumu. Tatizo lilikuwa kuwateremsha. Kila mmoja alidai gunia alilokalia ndilo lake na asipokuwepo litapunguzwa.

Bendi zilinifundisha mapatano. Kiongozi wa bendi moja aliniambia ana wanamuziki kumi na wanne, kwa hiyo sahani za wali kumi na nne. Nikamwambia sawa baba, ngoja niwasalimie. Niliwasalimia mara mbili. Tisa walikuwa na ala. Wawili walibeba spika. Mmoja alikuwa mke wake, mmoja shemeji yake, na wa kumi na nne alikuwa anakula tangu asubuhi na hakuna aliyemjua. Tukapatana sahani kumi na moja. Yule asiyejulikana tulimwacha amalize, kwa kuwa alishaanza.

Maigizo yalikuwa ya walimu wa Lisekese. Igizo lao lilikuwa na kifo sehemu ya tatu, na mwalimu aliyepangiwa kufa alikataa kufa chini ya dakika ishirini, kwa sababu wakwe zake walikuwa safu ya pili. Nikamwambia, mwalimu, mtu wa kawaida hafi dakika ishirini jukwaani, mvua inakuja na bati la juu yako linavuja. Akasema kumi na tano. Nikasema saba. Tukaafikiana dakika tisa, na ruhusa ya kuinua kichwa mara moja. Aliinua mara tatu. Mara ya tatu mama mkwe wake akasema kwa sauti, "Lala baba, tumeshakuona."

Na sinema. Tulikuwa na projekta moja, shuka moja jeupe, na bwana mmoja wa kutafsiri aliyekaa pembeni na kipaza sauti. Alasiri moja umeme ulikatika katikati ya filamu. Yule bwana hakunyamaza. Aliendelea kuisimulia gizani saa nzima, akaozesha watu, akaua wabaya, akamrudisha baba aliyepotea mwanzoni. Watu walilia. Umeme uliporudi filamu ikaishia kwingine kabisa, baba hakurudi, na watazamaji wakanijia wakitaka mashine itengenezwe.

Wageni rasmi siwasemi sana, wengine bado wako kazini. Jueni tu kwamba mgeni rasmi akipiga simu kusema yuko njiani, anatafuta soksi. Hotuba nayo inapunguzwa kabla hajapanda jukwaani. Akishapanda, hupunguziwi tena.

Sasa nifikie lililonifanya ninunue daftari.

Onyesho la kufunga msimu, kila mwaka, lilikuwa la kikundi cha Newala, na katika kikundi hicho kulikuwa na lipiko. Waliozaliwa mbali na huku wataniuliza lipiko ni nani. Anatokea amevaa kichwa cha mti, mwili wote umefunikwa nguo, njuga kiunoni, ngoma zinamwita na yeye anazijibu kwa miguu. Aliye ndani hana jina. Mimi Mmakua, lakini nimeolewa Newala, na mama mkwe wangu alinifundisha mapema: mwanamke haulizi aliyemo ndani, kwa sababu ndani hamna mtu. Wanawake wa huku tunajua mengi. Hilo moja tumekubali kutolijua, na tumelifanyia mazoezi mpaka tumekuwa hodari.

Jina likitajwa mbele za watu, kichwa kile cha mti kinafukiwa, hakichezi tena. Na mwenye jina hana tena pa kukaa barazani kwa wanaume. Nasikia mmoja wa zamani alivuka mto akahamia Msumbiji. Mto Ruvuma si wa kuuvuka kwa sababu ndogo.

Baba Salima alipostaafu, akaniachia funguo na kurudi Newala, ndiye aliyekuwa anakileta kikundi. Kila mwaka alisimama mbele yangu na kusema neno lile lile: "Mama Hilda, yule wangu hana jina." Nami nikajibu: "Hana." Mkataba wetu ulikuwa huo, bila karatasi.

Kisha ikaja karatasi. Kulikuwa na Mradi uliotaka kuinua sanaa za wilaya. Ungetupa mabati themanini ya paa, kwa sharti kwamba onyesho la kufunga msimu liandikwe. Niliupokea mkataba wao, nikahesabu kurasa mara mbili, kumi na tisa, zote zipo. Kuzisoma sikuzisoma. Nikatia sahihi. Kosa ni langu na naliandika kwa jina langu: miaka yote ile nilihesabu kila kitu mara mbili, na kitu kimoja cha kusoma mara moja kikanishinda.

Ukurasa wa kumi na moja ulisema kila anayepanda jukwaani ataandika jina, jinsi, umri, kata na kijiji, na kutia sahihi. Likikosekana jina moja, mabati hayaji.

Nililigundua siku ya onyesho la kufunga, saa nane mchana, kutoka kwa kijana nadhifu aliyetumwa kutoka Dar es Salaam. Alijitambulisha kama Bwana Faraja, Ofisa Tathmini. Alinipa shikamoo nzuri, ya kuinama, kwa hiyo hata kumchukia sikuweza.

Pikapu ya Newala ilikuwa imefika. Walishuka wanaume kumi na wawili na ngoma kumi na mbili, na Baba Salima wa kumi na tatu, ambaye hapigi wala hachezi, anasimama tu na fimbo yake. Nilihesabu mara mbili. Bwana Faraja naye alihesabu, akafurahi kwamba tumelingana. Wote kumi na wawili wakatia sahihi. Halafu akageukia mstari wa kumi na tatu.

"Na yule wa kinyago?"

"Huyo hakuja na gari," akasema Baba Salima.

"Amekuja na nini?"

"Anatokea."

"Anatokea wapi, mzee?"

"Porini."

"Fomu inataka kata na kijiji."

"Andika pori."

"Umri?"

Baba Salima akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Ni mkubwa kuliko mimi," akasema.

Bwana Faraja akanivuta pembeni. "Mama, mimi sina ubaya na mila. Lakini bila jina mabati hayaji, na juu ya jukwaa lako naona mbingu."

"Naiona pia, mwanangu. Tupatane. Andika jina la kikundi."

"Kikundi si mtu."

"Na lipiko si mtu. Mmelingana."

Akacheka, lakini hakuandika. Nikampa jina la mjumbe wa mtaa, akakataa. Nikampa langu. Akasema jinsi haitalingana na picha. Nikaona kijana anajua soko.

Kisha akapata wazo, na alifurahi mpaka nikamwonea huruma. "Hatuhitaji kumuuliza mtu," akasema. "Wameshuka kumi na wawili, nina majina yote kumi na mawili. Ngoma zikianza, mmoja atakosekana kwenye ngoma. Nasimama na kipaza sauti, naita majina. Asiyeitika, ndiye."

Alilisema hilo akitabasamu, mtu aliyetatua jambo. Nami nilisimama na korosho zangu mfukoni nikiona hesabu ile haina kasoro. Mimi mwenyewe ningeitumia kumkamata mtu aliyepita dirishani. Ukumbini kulikuwa na watu mia mbili na sabini, zaidi ya nusu wanawake na watoto, na jina lingetoka kwenye spika zetu kubwa, mbele ya wote, kwa sababu ya ukurasa wa kumi na moja nilioutilia sahihi mimi.

Nikamwambia Baba Salima. Nilitegemea agombe. Aliangalia fimbo yake tu.

"Rudisha watu wako nyumbani," nikasema. "Mabati yaende."

"Na mvua ikiingia, kikundi changu kitacheza wapi mwakani? Kwenye ghala?" "Mama Hilda, wewe ndiye uliyesema hana jina. Mimi nimekuja kwa neno lako."

Na hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa.

Nikaenda jukwaani nyuma ya pazia kufanya ninachokijua. Nikahesabu. Ngoma kumi na mbili, zimepangwa. Wapigaji kumi na mmoja. Hesabu ya Bwana Faraja ilikuwa imeshaanza kutimia, na mbele ya ngoma moja, ndogo, ya pembeni, kulikuwa na nafasi. Nyuso sikuziangalia. Niliangalia nafasi.

Nafasi, wadogo zangu, ndicho kitu pekee katika ukumbi ambacho mtu anaweza kukijaza bila kumwomba ruhusa mwenye viti.

Nikarudi kwa Bwana Faraja, aliyekuwa safu ya mbele, kwenye kiti chenye kitambaa, karatasi mapajani. "Mwanangu," nikamwambia, "ripoti yako ina picha?"

"Ina sehemu ya picha tatu."

"Za nini?"

"Za ofisa akishirikiana na jamii."

"Unazo?"

Alikuwa nazo mbili. Moja anasalimiana na mwalimu, moja anasalimiana na mwalimu huyo huyo kwa upande mwingine.

"Kuna ngoma moja haina mtu," nikasema. "Ndogo, nyepesi. Unapiga tu wanavyopiga. Picha kama hiyo wenzako hawana."

"Na majina? Nani ataita?"

"Nipe karatasi. Mimi nimehesabu ukumbi huu tangu hujazaliwa."

Akasita. Nikaongeza kwamba wapigaji wanavaa kitenge kiunoni na kimoja kimebaki, cha rangi ya samawati. Akasimama. Kila mtu ana bei yake na si lazima iwe fedha. Kwa wengine ni kitenge cha samawati.

Nikagonga kengele. Pazia likafunguka, ngoma zikaanza, na lipiko akatokea. Sitaeleza alivyocheza. Mliomwona mnajua, na wasiomwona hawatanufaika na maneno yangu. Watoto walikimbilia mlangoni wakarudi, wakakimbia tena. Wanawake wa safu ya tatu walipiga vigelegele na kufunika nyuso, kama inavyopasa. Bwana Faraja alianza kwa kuchelewa, akapitwa, akashika, na baada ya dakika kumi alikuwa amefumba macho na shati limelowa, akisahau kwamba kuna picha inapigwa.

Mimi nilisimama mlangoni na karatasi, Baba Salima pembeni yangu. Nikahesabu waliopo kwenye ngoma. Kumi na wawili. Karatasi ilikuwa na majina kumi na mawili. Nikaandika: wapo wote.

Kisha mkono wangu wa kulia, kwa mazoea, ukaingia mfukoni kuanza mara ya pili. Mara ya pili ndiyo ya nyuso. Mara ya pili mtu hana haraka ya kumfurahisha mwingine.

Nikautoa mkono mtupu.

"Umehesabu?" akauliza Baba Salima, macho yake jukwaani.

"Nimehesabu."

"Mara ngapi?"

"Moja."

Alimfuata lipiko kwa macho mpaka akamaliza mzunguko mzima. "Mimi nilikufundisha hivyo?"

"Hukunifundisha."

"Basi nani?"

"Mama mkwe wangu, wa kwenu Newala."

Akagonga fimbo sakafuni mara moja. Kwa Baba Salima hicho kilikuwa kicheko.

Bwana Faraja alishuka jukwaani akiwa na malengelenge mawili na furaha ya mtoto. Akaomba karatasi. Akasoma: wapo wote. Akanitazama, akatazama jukwaa, nikaona anatoa na kujumlisha. Kumi na wawili, yeye akiwemo. Akafungua mdomo. Akatazama viganja vyake. Akaufunga.

Mwezi uliofuata alirudi na barua kutoka kwa wakubwa wake. Huko ofisini kulikuwa na mtu mwenye akili kama yake. Alichukua karatasi ya wageni waliotia sahihi kwa viti vyao na karatasi ya waliopanda jukwaani. Wapigaji walikuwa kamili. Katika safu ya mbele kiti kimoja kilikuwa na sahihi lakini picha zote zilizotumwa zilikionyesha kitupu, na ile yake akipiga ngoma Bwana Faraja hakuwa ameituma. Kwa kutoa na kujumlisha, barua ilimpongeza Bwana Faraja kwa kucheza kinyago kwa moyo wa kujituma, ikamtaka ajaze mstari wa kumi na tatu kwa jina lake ili jalada lifungwe.

"Nijibu nini, Mama Hilda?"

"Mwenye kalamu ni wewe."

Alikaa kwenye benchi la mlangoni, pale alipokaa Baba Salima siku yangu ya kwanza. Angeandika jina lake na mabati yangekuja bila swali. Aliandika muda mrefu. Nilisoma baada yake, na safari hii nilisoma kweli, neno kwa neno. Kwenye jina aliweka kistari. Kwenye kijiji aliandika pori. Kwenye umri, mkubwa kuliko Baba Salima. Na kwenye maelezo: hakuja na gari.

Yalikuja mabati sitini na manne badala ya themanini. Wakubwa wake nao walipatana: kumi na sita yalikatwa kwa mstari usiokamilika, mengine yakaja. Yalitosha kufunika jukwaa na viti, ila kona moja ya nyuma bado inavuja, na nyinyi mtaikuta, na ndoo yake ipo. Msiilalamikie ndoo hiyo.

Najua mnaosoma mmeshaanza kuhesabu nani alikosekana kwenye ngoma. Acheni. Mimi niliyekuwepo sijui, na nimestaafu salama.

Ule mstari wa tatu wa fomu ya makabidhiano niliujaza jana. Viti, mnavyo. Funguo, saba. Lipiko, mmoja, amehesabiwa mara moja.